Sahani ya Mama Anayenyonyesha

Kina mama, kina baba, wazee wetu, na wahudumu wa afya wa jamii mliotoka Nyalenda, Manyatta na Kondele hapa Kisumu, hamjambo. Asanteni kwa kufika. Nimefurahi kuona kina mama mkwe wengi katika viti vya mbele, maana katika nyumba nyingi ninyi ndio mnaoamua mzazi ale nini.

Kila wiki ya kwanza ya Agosti dunia huzungumzia maziwa ya mama. Tunaambiwa mtoto anyonye tu kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 huku akila. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hapa Kenya watoto kama 6 katika kila 10 walio chini ya miezi 6 hawapewi kitu kingine. Kazi hiyo kubwa wameifanya kina mama. Leo naomba tumtazame mama mwenyewe. Yeye anakula nini?

Mama ambaye mtoto wake ananyonya tu hutoa takriban mililita 750 za maziwa kwa siku. Mwili wake unahitaji nguvu ya kilokalori kama 500 zaidi ya kawaida. Kikombe kikubwa cha uji wa wimbi wenye maziwa, kiazi kitamu kimoja na konzi ya njugu karanga vinakaribia hapo. Si chakula cha gharama, ila kinatakiwa kila siku, na hapo ndipo tunapokwama. Mtoto akizaliwa, majirani huleta kuku, supu na maziwa. Wiki chache zikipita, mama anarudi jikoni, anampakulia mzee, anawapakulia watoto na wageni, halafu yeye anakwangua sufuria. Wakati huo mtoto bado ananyonya, na ataendelea kunyonya mwaka mzima na zaidi.

Naomba tukae hapa kidogo. Kuna virutubisho ambavyo mwili huvilinda ndani ya maziwa hata mama akila vibaya: kalsiamu, madini ya chuma, zinki. Mtoto anapata, deni linabaki kwa mama. Miligramu 200 hadi 300 za kalsiamu hutoka kila siku kupitia maziwa, na sehemu yake huchotwa mifupani. Kwa kawaida mifupa hujijenga tena baada ya mtoto kuachishwa. Lakini mama aliyepungukiwa damu akishika mimba nyingine upesi, anaibeba akiwa na akiba ndogo mno.

Kundi la pili ni tofauti kabisa. Vitamini A, vitamini B1, B2 na B12, na madini joto, yaani iodini, vikipungua kwa mama, vinapungua na kwenye maziwa. Mtoto anaweza kuonekana mnene na bado akavikosa. Kwa hiyo msiniambie, "Mtoto ananawiri, basi mama yuko sawa," wala msiniambie kwamba maziwa ni yale yale hata mama ale nini.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina kipimo cha makundi 10 ya vyakula. Mwanamke anatarajiwa kula angalau makundi 5 kwa siku. Kipimo hicho kiliundwa kupima wanawake wengi kwa pamoja, lakini kinatusaidia kutazama sahani. Chukueni siku ya kawaida hapa kwetu: chai ya maziwa na mkate, mchana ugali na sukuma wiki, usiku vivyo hivyo. Nafaka, maziwa, mboga za majani, na nyanya ikiwa inafika kijiko kimoja cha mezani. Ni manne. Ongezeni omena, dagaa wa ziwa letu, yanakuwa matano. Ongezeni maharagwe na papai, ni saba.

Omena naisisitiza. Huliwa nzima, pamoja na mifupa, ndiyo maana ina kalsiamu nyingi, na ina chuma na B12 pia. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya omena ya Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku huku mama jirani na ufuo wa Dunga akila ugali mkavu.

Na mboga zetu! Managu, saga, mito, kunde, terere. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Maseno hapa karibu, ametumia miaka mingi kuonyesha thamani yake. Zipikeni na maziwa au mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Uchungu wa managu uondolewe kwa maziwa, si kwa kumwaga maji yaliyochemka, maana yanabeba vitamini. Magadi kwenye mboga ya mrenda pia yapunguzwe, yanaharibu vitamini B1 na C. Chai nayo isubiri kama saa moja baada ya chakula, kwani huzuia chuma cha mboga kufyonzwa.

Kule Busia na Bungoma, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mradi wa Mama SASHA uliwapa wajawazito waliohudhuria kliniki vocha za kupata mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A nyingi. Kliniki na shamba vikaunganishwa. Natamani kila kaunti ingefanya hivyo.

Mama mmoja ameniuliza: ale nini ili maziwa yaongezeke? Mama, kinachoongeza maziwa hasa ni mtoto kunyonya mara nyingi, mchana na usiku. Kunywa maji kila ukisikia kiu, kula ushibe, lakini usimpe mtoto maji wala uji kwa kuogopa kwamba hashibi. Ukiwa na shaka, mpeleke apimwe uzito. Mstari kwenye kijitabu cha mama na mtoto usipopanda, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo, na umwombe akutazame unavyonyonyesha, kisha akuulize na wewe umekula nini tangu jana.