Dawa Ndani ya Maji ya Kijani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Asubuhi nimepita mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Ule utando wa kijani umerudi, na mama mmoja alikuwa akiusukuma kwa kiganja apate kuchota maji. Wengi tunauita mwani, kumbe ni bakteria wanaojipikia chakula kwa jua: sianobakteria. Mmojawapo tunayemwona sana hapa ghubani, Microcystis, anaweza kutoa sumu inayoharibu ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mwaka 1996 kule Caruaru, Brazil, sumu ya namna hiyo iliingia kwenye maji ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Walifariki zaidi ya 50.

Sasa, kiumbe anayetengeneza sumu kali hivyo ni fundi wa kemia. Kuna kemikali iitwayo dolastatini 10, ilipatikana kwanza kwa konokono wa Bahari ya Hindi. Baadaye ikabainika mtengenezaji ni sianobakteria anayeliwa na konokono huyo. Kwa kuiga umbo lake ikapatikana brentuximab vedotin, dawa ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011.

Sisi nasi tunafuga sianobakteria mwingine, spirulina, tukitafuta ndani yake kitu cha kuua bakteria wa magonjwa. Kinachotukwamisha ni bei ya kuwalisha. Spirulina hukuzwa kwenye mchanganyiko wa Zarrouk, ambao kila lita inataka gramu 16.8 za baikaboneti ya sodiamu na gramu 2.5 za nitrati, tena za maabara. Sisi tunajaribu magadi, chumvi ya jikoni, mbolea ya NPK na urea kidogo sana, maana ikizidi inageuka amonia na beseni zima linakufa. Magadi yenyewe ni mlinzi: vijidudu wengi hawayawezi. Ndiyo maana spirulina hustawi kwenye maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, ambako heroe humla.

Tukishavuna tunachuja kwa kitambaa, tunakausha kivulini, tunaloweka kwenye methanoli, aina ya spiriti, ivute kemikali zilizomo. Dondoo tunalidondoshea kwenye kikaratasi cha mviringo, tunakiweka juu ya bakteria wa majipu. Wakifa, panabaki duara jeupe. Mara ya kwanza tulipoliona duara tulikumbatiana. Kisha mwenzetu akaonyesha kikaratasi cha methanoli tupu: nacho kilikuwa na duara lake. Hatukuwa tumevikausha vikaratasi, kwa hiyo methanoli yenyewe ndiyo iliyoua. Kazi ya wiki nzima ikaanza upya.

Na hata duara la kweli si dawa. Dawa ya kusafishia choo nayo inatoa duara! Lazima tujue ni kitu gani kinaua, kwa kiasi gani, na kama kinaziacha chembe za mwili salama. Mbolea ya bei rahisi pia huweza kubeba metali nzito, na spirulina huzifyonza.

Kwa hiyo nawasihi, msichote utando wa ziwani mkaukausha mnywe. Yule wa beseni tunamjua ukoo wake. Wa ziwani amechanganyika na wenye sumu. Sasa tuna mabeseni mawili, la Zarrouk na la mbolea, spirulina wa ukoo mmoja. Tunataka kuona kama huyu aliyelishwa kwa shilingi chache anatengeneza kemikali zilezile.