Oda 50, kwiri 101

Habari za jioni, ndugu zangu. Chukueni mfumo wa oda wa duka la jumla pale Kariakoo, umeandikwa kwa Django, fremu ya Python ya kutengeneza programu za wavuti. Ukurasa mmoja unatoa oda 50, kila oda na jina la mteja na orodha ya bidhaa.

Kwiri, yaani ombi moja kwa hifadhidata, ya kwanza inaleta oda zote 50. Hapo sawa. Kisha serialaiza inageuza oda moja moja kuwa JSON, maandishi ya data yanayotumwa kwa simu ya mteja. Ikifika kwenye oda.mteja.jina, mteja hajaletwa, basi Django inarudi kwenye hifadhidata kumfuata. Ikifika kwenye bidhaa, inarudi tena. 1, jumlisha 50, jumlisha 50: kwiri 101. Kila moja ni nyepesi, ndiyo maana hamtaziona kwenye logi ya kwiri nzito. Kinachochelewesha ni safari. Programu ikiwa hapa Dar na hifadhidata ikawa Ulaya, tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 150, mteja wenu anakodolea simu macho kwa sekunde 15.

Dawa inawekwa kwenye get_queryset ya viu, yaani pale msimbo unaojibu ombi la ukurasa unapochagua data ya kuleta, kabla serialaiza haijaanza kazi. Mteja ni mmoja kwa kila oda: select_related('mteja'), anakuja kwa JOIN, kuunganisha majedwali mawili, ndani ya kwiri ileile. Bidhaa ni nyingi: prefetch_related('bidhaa'), kwiri moja ya pili inayozibeba zote kwa IN, yaani kwa orodha ya namba za oda zote. Jumla 2. Na kama mnahitaji namba ya mteja tu, andikeni oda.mteja_id, namba hiyo tayari imo kwenye jedwali la oda.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza. Mtu ameweka prefetch_related, halafu ndani ya serialaiza anaandika oda.bidhaa.filter(imetoka=False), apate bidhaa ambazo hazijatoka tu. Hiyo filter haigusi kilicholetwa. Inafungua kwiri mpya kwa kila oda. 2 jumlisha 50, tumepanda hadi kwiri 52, na mzigo tulioubeba mwanzo umekaa bure. Pitieni oda.bidhaa.all() na kuchuja kwa if ya Python, au chujeni mapema kwa Prefetch yenye queryset yake na to_attr='zilizobaki', jina la kuhifadhia matokeo, kisha serialaiza isome oda.zilizobaki.

Kukagua kwa macho hakutoshi, kwa sababu mwenzako akiongeza sehemu moja kwenye serialaiza wiki ijayo, kwiri zinarudi kimyakimya. Andikeni jaribio lenye assertNumQueries, inayohesabu kwiri na kufeli idadi ikitofautiana na mliyotaja. Liendesheni kwa oda 2, kisha kwa oda 20: idadi ikipanda, kuna uhusiano haujaletwa.