Simama Nyuma ya Meza: Kujifunza Upishi Mjini Zanzibar

(Mhadhara uliotolewa Mji Mkongwe mbele ya wanafunzi wa upishi, watembeza wageni na wapenzi wa chakula)

Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, hamjambo? Walionialika wameniomba nizungumzie nafasi za kujifunza upishi hapa mjini, na wamenisihi nisirefushe. Nitajitahidi, ingawa nikifika kwenye urojo sitoi ahadi.

Nilichokuja kusema ni hiki. Mji huu umejaa walimu wa upishi ambao hakuna aliyewahi kuwaita walimu. Tunawaita muuza urojo, mpishi wa shughuli, bibi wa mkate wa ufuta. Anayetaka kujifunza awafuate walipo, saa ile wanayofanya kazi, na awalipe. Sisi tumezoea kufika chakula kikiwa kimeshaiva, tukakipiga picha, tukala, kisha tukasema tumekijua.

Chukueni Forodhani. Mgeni akishuka tu kwenye boti anaambiwa usiku aende Forodhani, na ni haki yake kwenda. Bustani ile ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, na tangu hapo jua likizama meza zinapangwa, taa zinawashwa, moshi wa mishkaki unapanda. Watu wanamiminika saa mbili usiku. Lakini saa mbili kazi imeshakwisha! Unga umeshakandwa, nyama imeshalala kwenye viungo, miwa imeshamenywa. Wewe nenda saa kumi na moja jioni, wenyewe wanapojipanga. Salimia, nunua kitu hata kidogo, kisha omba ruhusa ya kusimama upande wa pili wa meza.

Utaona, kwa mfano, kwamba siri ya pizza ya Zanzibar iko kwenye kidonge cha unga. Kidonge kile kimepakwa mafuta na kuachwa kilale, ndiyo maana kinakubali kutandazwa kwa vidole mpaka unakaribia kuona meza kwa chini yake. Asiyekilaza kinamrudia kila akikivuta, halafu analaumu aina ya unga. Ndani wanatia kima, kitunguu, yai, siku hizi na jibini na mayonezi, wanakunja pembe nne, wanakaanga. Chakula hiki si cha kale. Ni jamaa wa mutabbaq ya Yemen, chapati ya kukunjwa yenye nyama ndani, na mkate wa nyama wa Mombasa. Najua wapo wazee wanaokasirika wakiona inatiwa chokoleti na ndizi. Mimi sikasiriki, maana mkono ni uleule. Ila samaki wa kuchoma, tafadhali, muulize muuzaji ametoka majini lini kabla hujauliza bei.

Sasa urojo. Hapa nivumilieni.

Wengi wanaudharau kwa kuwa ni chakula cha njiani, unakula umesimama. Lakini bakuli moja la urojo lina masomo mengi kuliko kozi ya wiki nzima. Kwanza rojo lenyewe: maji, unga wa ngano kidogo, manjano, chumvi, na ukali wa embe bichi au ukwaju. Unga usipoiva, ladha yake mbichi inabaki ulimini hata utie pilipili kiasi gani. Ukiuzidisha, unapata uji wa manjano. Rojo linatakiwa liteleze, lipite katikati ya vitu. Kisha vitu vyenyewe: bajia, kachori, mbatata za kuchemsha, chipsi za muhogo, yai, mishkaki, chatne ya nazi, pilipili. Kila kimoja kina mafuta yake na moto wake. Kachori peke yake ni mbatata iliyopondwa na ndimu na pilipili, ikaviringwa, ikachovywa kwenye unga wa dengu. Uji wa dengu ukiwa mwepesi, kachori inavuliwa nguo ndani ya mafuta. (Kicheko.) Bajia na kachori tumezipata kwa Wahindi, muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini na ulifika pwani yetu kwa njia ya Wareno, mishkaki ina ndugu zake Uarabuni na Uajemi. Muuzaji hana haja ya kukuhadithia historia hiyo. Ameipanga kwenye bakuli na anakuuliza kama utie pilipili.

Ukitaka kujifunza urojo, basi, mfuate muuzaji asubuhi nyumbani kwake anapotayarisha. Jioni pale mezani anachanganya tu.

Nije kwenye ziara za viungo. Watembeza wageni mko hapa, na nawaheshimu, kwa sababu mnafanya kazi nzuri ya kufundisha pua. Mgeni anapelekwa kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani au Kidichi, anapewa jani alifikiche, anaambiwa akisie: mdalasini, mchaichai, karafuu. Anaoneshwa kungumanga ndani ya wavu wake mwekundu, na hapo hata mimi hushangaa upya. Anasikia kwamba karafuu zilistawi hapa chini ya Sultani Sayyid Said katika karne ya 19, kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikachukua uongozi. Haya ni sawa.

Lakini ziara haiambii watu kwamba uzile haustawi hapa. Uzile, ile bizari nyembamba ambayo bila yake pilau inakuwa wali wenye rangi, unakuja na meli. Mchele wetu mwingi pia unakuja na meli. Pilau tunayojivunia imesimama kwa biashara ya bahari zaidi kuliko kwa shamba. Kwa hiyo ziara ya viungo isiishie shambani. Iendelee mpaka Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, mgeni aone magunia na apimiwe. Na anunue viungo vizima. Vile vipakiti vya unga vyenye picha ya mnazi vinapendeza kwenye sanduku la safari, lakini harufu imeshaondoka zamani. Karafuu nzuri haihitaji mtaalamu: ibonyeze kichwani kwa ukucha, mafuta yatoke. Yasipotoka, rudisha.

Alfajiri, kabla ya Darajani, kuna mnada wa samaki Malindi. Sitausemea sana. Nenda tu ukamsikilize dalali, na utazame wapishi wa hoteli wanavyofunua mashavu ya samaki kabla ya kutaja bei.

Madarasa ya upishi ya nusu siku yameenea mjini. Mpango wake mnaujua: sokoni asubuhi, kisha jikoni, pilau, mchuzi wa samaki wa nazi, kachumbari, mnakaa mkekani mnakula. Sina ugomvi nayo. Yanawaingizia kina mama fedha majumbani mwao, na mgeni anaondoka na heshima kwa chakula chetu. Ninachowaomba wanaoyaendesha ni kimoja: msimkatie mgeni vitunguu, na msimkunie nazi. Mnafanya hivyo kwa ukarimu na kwa kuokoa muda, lakini mnamnyima somo. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, na kitunguu kinataka uvumilivu. Kuna dakika kinakuwa cha dhahabu, kuna dakika kinakuwa kahawia, na muda mfupi baadaye kimeungua na chungu kizima kimekuwa kichungu. Hili haliandikiki. Mtu lazima asimame pale, machozi yamtoke, akose, aanze tena.

Na nazi vilevile. Mkalishe mgeni juu ya mbuzi ya kukunia nazi akune mwenyewe. Akamue tui la kwanza kwenye kifumbu, kile kichujio cha kusukwa, aliweke kando, aongeze maji akamue la pili. Apikie samaki kwa la pili, na lile zito alitie mwishoni akikoroga taratibu, moto ukiwa mdogo. Akilitia mapema na kulichemsha kwa fujo litakatika, mchuzi uwe maji na mafuta mbalimbali. Likikatika mikononi mwake mara moja, hatasahau.

Niseme juu ya chuo kikuu chetu halisi, nacho ni shughuli. Harusi, maulidi, hitma. Nyuma ya nyumba kuna masufuria makubwa, kuni, na mpishi mkuu anayeongea kidogo. Kule hakuna anayekufundisha kwa maneno. Unaanza kwa kumenya vitunguu thaumu, gunia zima. Baadaye unapewa kuchagua mchele. Ukivumilia unaruhusiwa kukaribia moto, na hapo ndipo elimu ilipo, maana biriani ya watu mia tatu ni kazi ya moto kuliko viungo. Mpishi anajua lini apunguze kuni chini na apalie makaa juu ya mfuniko. Anainama, anasikiliza sufuria, anakwambia "bado". Ukimuuliza amejuaje anakutazama tu.

Kijana anayetaka kuingia kule asimwombe mwenye harusi. Amwombe mpishi. Aende na kisu chake, afike kabla ya wengine, na asishike mwiko mpaka aambiwe.

Mwezi wa Ramadhani una fadhila nyingi, na kwa mwanafunzi wa upishi una moja ya ziada. Kuanzia alasiri mji mzima unakuwa jiko. Kwenye vibaraza kuna kaimati, vitumbua, tambi, futari ya muhogo na magimbi ya nazi, mkate wa kumimina, mkate wa ufuta. Na wote wanaopika wamefunga! Wengi wao hawaonji hata kwa ncha ya ulimi. Nataka wapishi vijana mlitafakari hili, kwa sababu siku hizi naona mtu anaonja mchuzi mara kumi na mwisho wake bado hauna chumvi. Mama aliyefunga anapima chumvi kwa kiganja, anajua tui limeiva kwa harufu, anaangalia mafuta yanavyopanda juu ya mchuzi. Mkiwa na nafasi ya kumsaidia mtu kupika futari mwezi mzima, mtapata kitu ambacho hakuna cheti kinachokitaja. Wageni nao waelezwe kwa upole kwamba mchana hatuli njiani, wasubiri magharibi pamoja na wengine.

Matamasha tunayo. Tamasha la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi ambako mgeni asiyejulikana anakaribishwa nyumbani kula, na maonesho ya Nane Nane. Kote huko chakula kipo, lakini kipo pembeni, kimeshapakuliwa. Wanaotaka kuandaa siku ya chakula hapa mjini, ushauri wangu: wekeni seredani, yaani jiko la makaa, na kinu mbele, jukwaa la wazungumzaji wekeni nyuma, mimi nikiwamo. Mama wa mkate wa ufuta alipwe kama anavyolipwa mpiga ngoma.

Maana huo mkate wa ufuta ni mfano mzuri kwa ninalolisema. Unga wake ni laini, umekandwa kwa tui na hamira, unapigwa kwa mkono mpaka unavutika. Unatandazwa kwenye kaango kwa mkono uliolowa maji. Chini ukishashika, kaango linapinduliwa, uso wa mkate unatazama makaa, ndipo unaiva juu, ufuta unanukia. Sasa kijana msomi anasoma maelezo, anapaka kaango mafuta kwa kuwa amefundishwa kaango hupakwa mafuta. Anapindua. Mkate unaanguka motoni. (Kicheko.) Mkate lazima ushike chuma, mafuta hayatakiwi! Bibi hakuwahi kusema hivyo kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na kwake ni jambo lililo wazi.

Vyuo vya utalii vina kazi yake: usafi, kupiga hesabu ya gharama, kuhifadhi chakula, kupikia watu wengi kwa wakati. Someni huko. Halafu jioni nendeni kwa bibi.

Nimeambiwa muda umekwisha. Maswali matatu.

Kaka pale nyuma anauliza: mwanamume atakaribishwaje jikoni kwa wanawake wasiomjua? Usibishe hodi peke yako. Pitia kwa mama yako, shangazi, jirani, akutambulishe. Na vingi vinapikwa barazani na mlangoni, ambako hakuna wa kukuzuia kukaa kwa adabu.

Swali la pili, tuwalipe kiasi gani? Hesabu vitu alivyotumia, ongeza mauzo aliyoyakosa kwa kukuhudumia wewe, kisha ongeza malipo ya ualimu. Mkubaliane kabla ya moto kuwashwa. "Nitakupa chochote" ni maneno ya mtu atakayetoa kidogo.

Binti hapa mbele anasema mkate wake wa kumimina hautoki vitundu. Umeloweka mchele usiku kucha? Umeloweka, vizuri. Basi nadhani unausaga kwa tui jingi mno. Tia tui kidogo kidogo, usage mpaka usisikie chenga ukisugua kati ya vidole. Hamira, sukari, iliki, kisha funika uumuke mpaka uone mapovu juu. Kosa la wengi liko hapa: ukishaumuka wanaukoroga tena kwa nguvu, hewa yote inatoka. Ute wa yai ukiutaka, uchanganye kwa mkono mwepesi. Mimina kwenye sufuria iliyokwisha kupata moto, chini makaa machache, juu mengi. Na usifunue kila dakika kuangalia.