Jinsi ya Kukagua Benchi Ndogo ya Mazoezi ya Miguu Kabla Hujalipa

Hamjambo, karibuni. Leo niko Kisumu, mtaa wa Kondele, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, na hii hapa ni benchi ndogo ya mazoezi ya miguu. Tangazo lake linajivunia mazoezi manane kwenye chombo kimoja. Nakuomba hiyo hesabu uiweke kando. Benchi ya miguu hupimwa kwa goti lako na kwa uzito wa mwili wako, na vipimo hivyo unaweza kuvichukua mwenyewe dukani, au kwa fundi wa kuchomelea pale Kibuye, kabla hujatoa hata shilingi. Shika utepe wa kupimia, chaki, na mizani ya kawaida ya kupimia watu. Njoo na rafiki mmoja pia, tutamhitaji baadaye.

Kazi za benchi hii hasa ni nne. Kunyoosha goti ukiwa umekaa, kwa ajili ya misuli ya mbele ya paja. Kukunja goti, kwa misuli ya nyuma. Kuinua nyonga ukiwa umeegemeza mabega. Na zoezi linaloitwa Nordic, ambapo unapiga magoti, vifundo vya miguu vimebanwa nyuma, halafu unajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka. Hayo mengine manne kwenye tangazo ni haya haya yamegeuzwa kidogo.

Anza na chumba. Pima benchi ikiwa na mtu juu yake. Hii ina urefu wa sentimita 120 na upana wa 60, na ukiisogeza ukutani unaona imeenea vizuri. Lakini kwenye Nordic mwili unalala mbele ya benchi. Mtu wa sentimita 170 ana kama sentimita 120 kutoka gotini hadi utosini, kwa hiyo mbele ya mto wa magoti acha mita moja na nusu iliyo wazi, mikono ipate pa kutua. Kitanda kiko hapo? Meko ya gesi iko hapo? Basi zoezi hilo hutalifanya. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunafanyia mazoezi chumba kile kile tunacholala na kupikia.

Sasa chuma. Chomoa kifuniko cha plastiki kwenye mwisho wa mguu wa benchi, utazame unene wa bomba. Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, lenye unene wa milimita 2, lina uzito wa kilo 3 hivi kwa kila mita. Likiwa la milimita 1.2, mita moja inashuka hadi kilo 1.8. Ukitazama kwa macho, mabomba yote mawili ni sawa, rangi ni ile ile, ndiyo maana nikakwambia uje na mizani. Kwa benchi itakayobeba mtu mzima pamoja na vyuma vya uzito vya mazoezi, mimi chini ya milimita 2 sikubali. Kisha igeuze miguu juu, ufuate mishono ya kuchomelea kwa kidole. Mshono uzunguke bomba pande zote. Ukikuta matone yaliyorukaruka, yamefunikwa kwa rangi nene, iache hiyo benchi. Soma pia kibandiko cha uzito: ile namba ni pamoja na wewe. Kikiandikwa kilo 150, na una kilo 90, zimebaki 60 za vyuma.

Tumefika gotini, na hapa sina haraka hata kidogo. Kaa kwenye benchi. Mkono huu unaobeba vyuma, wenye rola inayogusa muundi wa mguu, unazunguka kwenye pini. Goti lako nalo lina mhimili wake. Mihimili hiyo miwili isipokutana, mkono na mguu vitazunguka kila kimoja njia yake, na goti ndilo litakaloumia.

Sogea karibu uone. Gusa upande wa nje wa goti, juu kidogo ya pale linapokunjika. Kuna mfupa umetokeza. Huo ndio ukae sawa na pini. Sasa chukua chaki, chora mstari kwenye suruali pale rola inapogusa. Nyoosha goti polepole bila chuma chochote, ukitazama ule mstari. Rola ikihama sentimita moja au mbili, hiyo ni kawaida. Ikihama nne au tano, pini haiko mahali pake kwa mguu wako. Kama wewe ni mfupi na kiti kimekuwa kirefu, weka mto nyuma ya mgongo ujaribu tena. Kama una mapaja marefu, na egemeo halisogei nyuma, hiyo benchi imetengenezewa mtu mwingine, hata kama bei yake inavutia namna gani.

Ukiwa hapo hapo, utikise ule mkono kushoto na kulia. Mkono huo ukicheza, basi bolti inasugua bomba moja kwa moja, na tundu litapanuka kadiri unavyofanya mazoezi. Fundi anaweza kutia bushi ya shaba, yaani kipande cha bomba kinachokaa kati ya bolti na tundu, ni kazi ndogo, lakini ijulikane kabla ya kukubaliana bei.

Jambo jingine kuhusu mkono huu. Miguu ikiwa inaning'inia, mkono umesimama wima na mzigo karibu huusikii. Kadiri unavyonyoosha, uzito unaongezeka, na unakuwa mkubwa zaidi goti likishanyooka. Kwa hiyo usinakili namba ulizozoea kwenye mashine ya kebo ya jimu. Anza na chuma kidogo, uongeze taratibu. Na kama goti lako limewahi kupasuliwa au linavimba, muone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia.

Upande wa kukunja goti, benchi nyingi ndogo zinakulaza kifudifudi. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba misuli ya nyuma ya paja inakua zaidi ukikunja goti ukiwa umekaa, kwa sababu nyonga imekunjika na misuli inaanza ikiwa imevutwa. Ukipata inayokukalisha, bora. Usipoipata, usiikatae benchi kwa hilo peke yake.

Haya, rafiki asogee, tuingie kwenye Nordic. Vijana wa raga wa Kisumu, Nakuru na Kakamega, na yeyote anayekimbia kwa kasi, zoezi hili ni lenu. Tafiti kwa wachezaji wa kandanda zimeonyesha linapunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Ila ndilo linaloitesa benchi kuliko yote. Unapokaribia kulala, nguvu inayoivuta juu ile rola ya vifundo inaweza kuzidi uzito wa mwili wako mzima. Pini nyembamba hapo ni hatari.

Halafu kuna kupinduka. Mwili ukienda mbele, uzito wako unavuka miguu ya mbele ya benchi, na benchi nyepesi inainuka nyuma. Jaribu hivi: piga magoti, banwa vifundo, jishushe kidogo tu, mikono ikiwa tayari. Rafiki apige magoti kando, macho yake yawe kwenye miguu ya nyuma ya benchi. Ikiinuka hata kidogo, acha hapo hapo. Dawa yake ni fundi kuongeza bomba la mbele, sentimita 40 hivi kupita mto wa magoti, au kuweka vyuma vizito nyuma. Kwenye sakafu ya vigae, tia chini vipande vya mpira wa tairi, vile wanavyotumia watengeneza akala, isiteleze.

Kuinua nyonga ni rahisi kupima. Kaa chini, egemea benchi: ukingo uguse chini kidogo ya mifupa ya mabega. Kimo cha benchi cha sentimita 40 kinawafaa wengi, na watu wafupi 35. Mto nao ubonyeze kwa dole gumba. Ukigusa ubao, omba sponji ya hai densiti, yaani ile nzito isiyobonyea upesi, hasa pa kupigia magoti.

Ukishalipa na kuifikisha nyumbani, paka rangi kila palipochubuka njiani, kwa maana hewa ya ziwa hapa Kisumu inaleta kutu upesi. Baada ya wiki ya kwanza ya mazoezi, pitia nati zote kwa spana. Ile ya pini ya goti ikaze hadi mkono uache kucheza, lakini uendelee kuzunguka bila kukwama.