Lori la Magurudumu Kumi na Ari Iliyopotea

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupaka rangi lori la jeshi, na nitafika huko. Kabla ya rangi nina jambo ambalo wengi humu tunalijua na tunaona haya kulitaja. Mtu anaweza kuupenda ufundi wa modeli, yaani kuunganisha magari madogo ya plastiki, kwa miaka ishirini, halafu jioni moja akaketi mezani, taa inawaka, visu na brashi zote ziko mahali pake, na asiwe na hamu hata ya kufungua chupa ya gundi.

Mimi yalinikuta, na yalidumu miezi 14.

Nilikuwa naunda kifaru. Nilikuwa nimejiapiza kwamba hicho kitakuwa kazi yangu bora kupita zote. Nikanunua mtutu wa shaba, nikanunua vibati vyembamba vya kukunja kwa koleo, nikanunua na minyororo ya chuma ambayo kila pingili hushikwa na kijiti chake. Pingili zilikuwa zaidi ya 180. Upande wa kulia niliumaliza. Upande wa kushoto nilifika katikati, ncha za vidole zikiuma, nikaweka vitu chini nikiamini nitaendelea kesho yake. Kesho haikufika. Kila nikipita nilikiona pale mezani, na kila nikikiona nilijisikia kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mwishowe nikakifunika kwa kitambaa.

Wakati wote huo sikuacha kununua. Maboksi yaliongezeka juu ya kabati. Nilidhani ari imo ndani ya boksi fulani ambalo bado sijalipata, nikatazama kazi za wenzangu, nikasoma, nikangoja hamu inirudie. Leo nasema kama mtu aliyepitia: ari ya kazi ya mikono hukaa mikononi. Ukiingoja kichwani, utangoja sana.

Rafiki yangu mmoja alikuwa anahama nyumba. Akaja na boksi kwapani, akaniambia, "Ndugu yangu, chukua hili lori. Nilishakata tairi mbili, nikaishia hapo." Lilikuwa lori la Kimarekani la GMC, lile la kubeba tani mbili na nusu, kwa kipimo cha 1/35, yaani dogo mara 35 kuliko lori halisi. Sikulitaka. Mimi ni mtu wa vifaru tangu utotoni, na lori nililiona kama kitu cha kujazia nafasi nyuma ya kifaru. Lakini nilipofunua boksi nikaziona zile tairi mbili zimelala juu ya karatasi ya maelekezo, na moja ilikuwa na kinundu pale ilipokatwa kwenye fremu yake, ile ya plastiki inayoshika vipande ndani ya boksi. Kinundu kile kilinikera. Nikachukua msasa, nikakisugua mpaka kikaisha. Nikageukia tairi ya pili. Nilipoinua kichwa, saa nzima ilikuwa imepita, na tairi kumi zilikuwa zimepangwa mezani, safi, vumbi la plastiki limejaa kwenye kucha zangu.

Naomba mlitazame hilo vizuri. Sikuketi kwa sababu nilikuwa na hamu. Niliketi kwa sababu ya kinundu.

Tangu hapo nimejiuliza kwa nini liwe lori, na jibu nililolipata ni kwamba lori hukamilika mara nyingi. Kifaru hukamilika siku moja tu, siku ya mwisho. Lori lina chasisi, nayo peke yake ni kitu kizima cha kuweka kiganjani na kukitazama. Injini ni kitu kizima. Kebini ni kitu kizima, na bodi la mizigo vilevile. Kila jioni niliinuka mezani nikiwa nimemaliza kitu. Kwa mtu aliyechoka, kumaliza ndiyo chakula.

Halafu lori halifichi utumbo wake. Ukilijenga unalijenga kama fundi wa gereji: mihimili miwili mirefu ya chasisi, vyuma vya kukatisha katikati, springi za mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, difu tatu, na chini ya tumbo boksi la kugawa nguvu, linalotoa propela za kwenda mbele na za kwenda nyuma. Jina lenyewe la lori linasimulia haya. Liliitwa CCKW, na kila herufi ilikuwa na maana kwa kiwanda cha GMC: C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, 1941; ya pili ni kebini ya kawaida iliyo nyuma ya injini; K ni ekseli ya mbele inayosukuma; W ni ekseli mbili za nyuma zinazosukuma. Injini yake ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari, lita 4.4. Ukishajua herufi zile, kila kipande unachokigundisha unajua kinafanya kazi gani. Mimi hilo lilinipa furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye minyororo ya chuma.

Sasa ile sehemu iliyonirudisha kabisa. Lori lina magurudumu kumi: mawili mbele, manane nyuma, mawili mawili kila upande wa kila ekseli. Yote kumi yanatakiwa yakanyage chini. Moja likining'inia, hata kwa unene wa unywele, jicho linaliona, na lori zima linapoteza uzito wake. Nilichukua kipande cha kioo, kwa kuwa kioo hakipindi, nikaliweka juu yake wakati gundi ya ekseli haijashika sawasawa. Nikaweka betri mbili ndogo ndani ya chasisi ziikandamize. Kisha nikakata kipande cha karatasi nyembamba, nikaanza kukipitisha chini ya kila tairi. Likikanyaga, karatasi inakwama. La kwanza, imekwama. La pili, imekwama. Mbele kushoto, karatasi ikapita kama maji. Nikadondosha tone la gundi nyembamba kwenye kiungo cha ekseli, nikangoja kilainike, nikabonyeza kwa kidole huku nahesabu, kisha nikajaribu tena. Karatasi ikakwama. Nilisimama kabisa kutoka kwenye kiti. Mtu mzima, usiku, peke yangu, nimefurahi kwa sababu karatasi imekwama chini ya tairi.

Nilijiwekea masharti mawili, na nayasisitiza kwa yeyote anayepitia hali ile. La kwanza, nisinunue kitu chochote cha kuongezea. Kilichomo kwenye boksi kinatosha. La pili, nikae dakika ishirini tu, hata kama nimenogewa. Lile la pili nililivunja karibu kila siku, lakini ndilo lililoniwezesha kuketi. Kukaa dakika ishirini hakuogopeshi.

Kuhusu kipimo nitapita haraka. Lori halisi la chasisi ndefu lilikuwa na urefu wa takriban mita 6.5, kwa hiyo kwa 1/35 linakuwa chini kidogo ya sentimita 19. Watu hushangaa kwa nini 35, namba isiyo na mantiki. Kipimo hicho kilienea kutokana na kifaru cha Panther cha kampuni ya Tamiya mwanzoni mwa miaka ya 1960: modeli ile ilikuwa na mota, na ukubwa wake ulifuata nafasi iliyohitajika kwa mota na betri. Kazi yetu yote imejengwa juu ya ukubwa wa betri, nami nilipoweka betri zangu ndani ya chasisi nililikumbuka hilo kwa upendo.

Wakati gundi inakauka nilianza kusoma habari za lori lenyewe, na hapo moyo ukaungana na mikono. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, baada ya Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, kutua Normandy kwenye pwani ya Ufaransa na kuvunja ngome za Wajerumani, majeshi yalikimbia mbele kuliko ilivyotarajiwa. Reli za Ufaransa zilikuwa zimeharibiwa kwa mabomu ya Washirika wenyewe kabla ya kutua. Petroli, risasi na chakula vilikuwa ufukweni, wanaovihitaji wako mamia ya kilomita ndani. Tarehe 25 Agosti 1944 ukaanzishwa msafara wa malori uliopewa jina la Red Ball Express. Barabara zilitengwa kwa ajili yake, njia moja ya kwenda na mizigo, nyingine ya kurudi matupu, usiku na mchana. Siku za kilele yalikuwapo barabarani magari karibu 6,000, yakibeba tani 12,500 kwa siku. Uliendelea hadi tarehe 16 Novemba.

Na waendeshaji? Takriban robo tatu yao walikuwa Wamarekani weusi. Jeshi la nchi yao lilikuwa linawatenga kwa rangi. Wengi waliwekwa kwenye vikosi vya ugavi na kuzuiwa kwenda mstari wa mbele. Ndio waliokesha kwenye usukani, taa zimefunikwa, mara nyingi wakibeba mzigo uliozidi ule ulioandikwa kwenye karatasi za lori, ili vifaru vile ninavyovipenda mimi visizimike njiani. Miaka ishirini naunda vifaru, sikuwahi kujiuliza nani alileta petroli. Niliposoma hayo, lori lile halikuwa tena kitu cha kujazia nafasi. Nilitaka kulijenga vizuri kwa ajili yao.

Sasa rangi, kama nilivyoahidi.

Kosa kubwa tunalofanya na kijani cha jeshi la Marekani ni kukipausha kwa nyeupe. Ukitia nyeupe kinageuka kijivu cha chokaa, kinakufa. Rangi ile asili yake ilikuwa mchanganyiko wa nyeusi na njano ya udongo. Kwa hiyo ukitaka kukipausha, rudi kwenye njano ya udongo. Boneti na paa, panapopigwa na jua, ongeza njano kidogo. Ubavuni acha kama kilivyo. Chini ya bodi acha kiwe kizito. Mchanganyiko uwe mwepesi, upulizie tabaka baada ya tabaka, na usiogope tabaka la kwanza likionekana baya.

Kosa la pili ni kutu. Lori lililokuwa Ufaransa mwaka 1944 lilikuwa na umri wa miaka miwili au mitatu, na mengine pungufu. Halikuwa na muda wa kuoza. Lilikuwa na mikwaruzo, mibonyeo, matope na vumbi, vumbi jingi mno. Kutu ninayoiona kwenye modeli nyingi inafaa gari lililotelekezwa shambani miaka thelathini.

Bodi la mizigo kwenye lori langu ni la mbao. Malori ya mwanzo yalikuwa na bodi la chuma, kisha wakageukia mbao ili kuokoa chuma. Plastiki ya ubao ni laini mno, kwa hiyo nilipitisha wembe wa msumeno mdogo juu ya kila ubao, kwa kufuata urefu, mara tatu au nne, mpaka nyuzi za mti zikatokea. Kila ubao nikaupa kijani chake, tofauti kwa chembe tu na jirani yake. Katikati, panaposukumwa makasha na mapipa, nilitoa rangi hadi ubao ukaonekana: chini rangi ya mti, juu yake dawa ya kupulizia nywele, juu yake kijani cha maji, kisha brashi yenye unyevu inayokwangua taratibu. Fuateni njia ambayo kasha lingepita. Mkwaruzo uwe na sababu.

Na kioo cha mbele. Nilikata vipande viwili vya selotepu ya kupakia rangi kwa umbo la nusu duara, mahali waipa inapofuta, nikavibandika, nikapulizia vumbi la udongo mweupe, nikavibandua. Vikabaki vidirisha viwili safi ndani ya vumbi. Ukichungulia kupitia kimoja unaona usukani, na kwenye kiti cha pembeni kuna koti nililolitengeneza kwa karatasi laini iliyoloweshwa gundi nyeupe. Dereva hayupo. Nilitaka mtu akitazama ajiulize amekwenda wapi, amelala saa ngapi mara ya mwisho.

Lilichukua wiki tisa. Wiki ya kumi nilikiondolea kifaru kile kitambaa. Minyororo ya chuma, ule uliokamilika na ule nusu, niliitia kwenye mfuko nikampa mwenzetu anayeipenda kwa dhati. Nikarudi kwenye boksi la kifaru, nikatoa minyororo ya plastiki iliyokuja nayo, ile niliyoidharau, nikaifunga kwa jioni mbili. Sasa hivi kinangoja rangi, na jana usiku nilikuwa nacho.

Lori lenyewe hili hapa, nalipitisha mkono kwa mkono. Lishikeni kwa chini, kwenye chasisi, msilishike bodi. Kioo cha pembeni upande wa dereva nimekigundisha asubuhi ya leo, kwa hiyo kipeni nafasi. Na mwenye karatasi nyembamba mfukoni aliweke lori juu ya meza ile pale, aipitishe karatasi yake chini ya tairi la mbele kushoto.