Panga Biashara Yako kwa Penseli Kabla Pesa Haijatoka Mfukoni

Habari zenu, karibuni mezani kwangu. Leo sishoni. Wengi mmeniuliza namna ya kuanza kushona mikoba ya kuuza, na kila nikiwajibu kuhusu cherehani na vitambaa naona nimewanyima kilicho kikubwa zaidi, maana kazi ya kwanza hufanyika kwenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Mimi yamenikuta, nitawaeleza tukifika.

Andaa daftari, rula, kikokotoo na penseli. Penseli, si kalamu. Mpango huu utaufuta mara kumi, na ukiuandika kwa wino utaona uvivu kuubadilisha hata pale unapojua umekosea. Jina la biashara, nembo, rangi, hayo utayamaliza mwenyewe jioni moja, tupite. Leseni na kodi, kaulize ofisi inayohusika kabla hujafungua, halafu gharama zake ziingie humu humu.

Kwanza, wateja. Tafuta watu kumi wasio ndugu zako wala marafiki. Usiwaulize kama wangenunua mkoba wako, kwa adabu tu watakwambia ndiyo. Waulize mara ya mwisho walinunua mkoba lini, walilipa kiasi gani, na nini kiliwaudhi walipoanza kuutumia. Hilo la tatu nalipenda sana. Ndilo lililonifanya nishone hivi pale mkanda unapoungana na mfuko. Tazama hapa... ngoja, kivuli cha mkono wangu kinaziba. Nageuza taa. Haya, sasa mnaona? Mraba, na ndani yake msalaba. Watu saba kati ya wale kumi walilalamikia mkanda kung'oka mahali hapo hapo.

Sasa gharama. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka gharama za kudumu, zile unazolipa hata usipouza kitu. Natumia namba za mfano, wewe weka za kwako. Chumba 150. Umeme 30. Simu na intaneti 20. Ujira wako 100. Ndiyo, ujira wako uandike! Usipouandika utakuwa unachota kidogo kidogo kwenye droo, na huko ndiko kula mtaji. Jumla 300 kwa mwezi.

Kulia weka gharama za mkoba mmoja: kitambaa 4, zipu na uzi 1, mfuko wa kufungashia 1. Jumla 6. Bei ya kuuza tuseme 10, kwa hiyo kila mkoba unakuachia 4.

Mikoba mingapi itarudisha gharama za mwezi? 300 gawanya kwa 10, unapata 30... Hapana, hapana, futa. Nimegawa kwa bei. Hiki kipande sikikati kwenye video, mkione, maana ni rahisi sana kukosea hapa. Unagawa kwa kile kinachobaki. 300 kwa 4, ni 75. Ukifanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni mikoba mitatu kwa siku. Mkoba mmoja mimi hunichukua saa mbili, kwa hiyo mitatu ni saa sita, na unabaki na muda wa kwenda kununua kitambaa na kupeleka mizigo. Inawezekana.

Sasa mteja anakuomba punguzo la asilimia 10. Unaona ni dogo. Bei inakuwa 9, kinachobaki ni 3, na 300 kwa 3 ni mikoba 100. Umepunguza asilimia 10 ya bei, na kazi imeongezeka kwa theluthi. Saa nane kila siku cherehanini, na kitambaa hujakinunua bado. Kwa hiyo punguzo lipange leo ukiwa umetulia, usilipange mteja akiwa amesimama mbele yako.

Sasa sogeeni karibu. Hapa ndipo mimi nilipoanguka. Jedwali la mzunguko wa pesa: salio la mwanzo, zinazoingia, zinazotoka, salio la mwisho, kila mwezi na mstari wake. Pesa iandike mwezi inapoingia mkononi. Si mwezi uliouza. Narudia: mwezi inapoingia mkononi.

Tuanze na 600 mkononi, cherehani ukiwa umeshainunua. Unauza mikoba 75 kila mwezi. 30 unalipwa taslimu, ni 300. 45 umempa mwenye duka kwa mali kauli, atalipa baada ya miezi miwili. Zinazotoka ni 450 za malighafi na 300 za kudumu, jumla 750. Mwezi wa kwanza: 600, ongeza 300, toa 750, inabaki 150. Mwezi wa pili: 150, ongeza 300, toa 750... umepungukiwa 300. Mikoba yote imeuzwa, na kodi ya chumba huna! Mimi nilikuwa na oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, nikaiandika kama pesa siku niliyokabidhi mzigo. Kodi ilipofika niliuza cherehani yangu ya pili. Nilikuwa naipenda ile cherehani. Tafadhali, mwezi inapoingia mkononi.

Futa, tujaribu tena. Yule wa mali kauli atangulize nusu, 225. Mwezi wa kwanza zinaingia 525, unabaki na 375. Mwezi wa pili unabaki na 150. Mwezi wa tatu ile nusu nyingine inaanza kurudi, zinaingia 750, zinatoka 750, na 150 yako ipo pale pale. Mtaji ule ule, mikoba ile ile. Akikataa kutanguliza, basi kwa mfano huu anza na 900 na akiba juu yake, au umpe mikoba michache zaidi.

Hesabu za namna hii ni za zamani sana. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha Venice maelezo ya jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila pesa mara mbili, inakotoka na inakokwenda. Wewe kwa sasa zile namba nne za kila mwezi zinakutosha.

Chora miezi kumi na miwili. Kisha chora jedwali la pili ambamo mauzo ni nusu ya unavyotarajia, uone pesa inakwisha mwezi gani. Huo mwezi uzungushie duara, mimi hutumia penseli nyekundu, na karatasi ibandike ukutani juu ya cherehani. Kila Jumamosi andika namba halisi pembeni ya zile ulizokadiria. Betri inanionya hapa, nazima. Ukikwama kwenye jedwali, niandikie namba zako kwenye maoni tulipitie pamoja.