Unakoroma Usiku, Unalia na Meno Mchana

KASIM: Haya wasikilizaji karibuni tena, leo nipo na dada Zuhura, daktari wetu wa meno, na mada ni kukoroma. Najua kuna mtu anasema meno na kukoroma wapi na wapi.

ZUHURA: (anacheka) Kaka Kasim, mimi mgonjwa akikaa kwenye kiti, kabla sijamuuliza anapiga mswaki mara ngapi namuuliza analalaje. Yeye anasema nalala vizuri tu, mke aliyemsindikiza ndo anasema ukweli, "dokta huyu anakoroma alafu ghafla kimyaaa, namtikisa nikidhani kafa, mara anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama."

KASIM: Huko kunyamaza ndo ugonjwa?

ZUHURA: Ndo apnea ya usingizi yenyewe. Ukilala misuli ya koo inalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba, pumzi inakata sekunde 10 au zaidi, ubongo unakushtua unavuta hewa unaendelea kulala na asubuhi hukumbuki kitu. Ikizidi mara 30 kwa saa hiyo tunaita kali. Kwa saa moja, sio kwa usiku mzima!

KASIM: Mama yangu we. Sa meno yanaingiaje?

ZUHURA: Mate. Watu wanayadharau sana mate. Wadudu wa mdomoni wakila sukari wanatoa asidi, na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka chini ya kama 5.5 hivi enameli, lile ganda gumu la nje la jino, inaanza kupoteza madini, mate ndo yanaipooza ile asidi na kurudishia jino kalsiamu na fosfeti. Sasa usiku mate yanapungua kwa kila mtu, hilo ni la kawaida, ila huyu wetu analala kaachama anavuta hewa kwa mdomo mpaka alfajiri, ulimi umekauka umegandia juu, yale machache aliyonayo yanakauka pia. Ndo unakuta mtu mswaki anapiga, soda hanywi, lakini meno yanatoboka karibu na fizi, fizi za juu mbele nyekundu zimevimba, na harufu ya asubuhi sio ya kitoto.

KASIM: Na huyo ndo anaambiwa mchafu.

ZUHURA: Anaambiwa mchafu, anauziwa dawa ya meno ya bei, anazibwa jino hili, baada ya muda anarudi na lingine. Mimi hilo linaniudhi kwa kweli, sisi wenyewe wa meno tunaziba mashimo bila kuuliza yanatoka wapi.

KASIM: Na kusaga meno?

ZUHURA: Wengi wenye apnea wanasaga, ingawa watafiti bado wanabishana kipi kinaleta kipi. Unaona meno ya mbele yamelika yamekuwa bapa, taya linauma akiamka, kichwa kinagonga, na ulimi pembeni una alama za meno kama umeng'atwang'atwa. Sasa hapa sikiliza, ile plastiki ya kuvaa usiku ya kuzuia kusaga, kuna wagonjwa ikikaa meno ya juu kukosa pumzi kunazidi. Kwahiyo kabla ya kumpa mtu plastiki, muulize kama anakoroma!

KASIM: Kwahiyo wewe ukiona hizo alama unampa jibu palepale?

ZUHURA: Hapana, mimi nashuku tu. Jibu linatoka kwenye kipimo cha usingizi, unalala umefungwa vifaa vinavyohesabu pumzi na oksijeni. Ikithibitika kuna mashine ya CPAP inayosukuma hewa kwenye barakoa, aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, 1981 ndo akaitangaza. Inasaidia sana ila barakoa ikivuja mdomo unakauka vilevile, basi unaongeza kifaa cha kutia unyevu. Kwa apnea isiyo kali sana kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, hicho tunatengeneza sisi kwa vipimo vyako, na lazima urudi kuangaliwa maana miaka ikienda meno yanaweza kusogea.

KASIM: Kuna mama kauliza hapa, mtoto wake wa miaka 6 anasaga meno usiku mpaka chumba cha pili wanasikia.

ZUHURA: Mama, kusaga peke yake kwa umri huo wengi wanaacha wenyewe wakikua. Niambie analala mdomo wazi? Anakoroma hata bila mafua? Kama ndiyo, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo amwangalie tonsesi na nyama za puani, alafu akitoka huko mlete na kwangu tuone fizi.